Nikaze, Wifi?

Mteja mpya akikaa kwenye kiti cha Gundi, wale wa zamani humwangalia kwa huruma. Vidole vya yule dada si vya kawaida. Akikukamata nywele, macho yanavutwa pembeni, nyusi zinapanda, na unatoka pale na sura ya mtu aliyepokea habari ya ajabu ambayo bado hajaiamini. Lakini msuko wake haufumuki ovyo, na kwa ajili hiyo wanawake huuma meno, hulalamika, huapa hawarudi tena, kisha hurudi.

Nguvu hizo hakuzipata kwenye nywele, alizipata kwenye mawe. Nje ya mji kuna machimbo ya kokoto yaliyoachwa zamani, yamebaki majabali yaliyokatwa wima kama mkate, na huko yeye na kaka yake walikuwa wakipanda tangu wangali vijana wasio na viatu vya maana. Jina lake la kwenye kitambulisho ni zuri tu, ila hakuna anayelitumia. Siku moja kaka yake alimkuta ameng'ang'ania kikwaruzo cha jiwe ambacho hata mjusi angekidharau, akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Huyu si mtu, ni gundi." Basi, ikawa hivyo.

Chumbani kwake, juu ya fremu ya mlango, alikuwa amepigilia ubao mgumu wenye ukingo mwembamba. Kila asubuhi kabla ya chai alining'inia hapo kwa ncha za vidole, akipumua polepole, mpaka mikono ianze kuungua kwa ndani. Anashuka, anapumzika, anapanda tena. Vidole vilipozoea, alijifunga ndoo ya maji kiunoni ili uzito uongezeke. Mama yake, ambaye chumba chake kilikuwa mkabala, alikwisha kata tamaa na ule mlango.

"Mtu mzima na akili zake, ananing'inia kama shati la kuanikwa," mama alisema. "Sasa mimi nipite wapi?"

"Pita tu, mama, sikukanyagi."

"Na ndoo yote hiyo! Ikimwagika utadeki mwenyewe."

Ilimwagika mara nyingi, na alideki mwenyewe.

Kazi na mchezo viligombania ngozi yake. Nywele zinataka mafuta, jiwe halitaki hata kuyasikia. Kwa hiyo baada ya kila kichwa alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, na jioni alisugua sugu za vidole kwa msasa laini, maana sugu ikiachwa iinuke huchanika, na ikichanika mazoezi yamekwenda na maji. Hakula kizito usiku, hakukesha sherehe za watu, na wanaume wawili watatu waliojaribu kumposa waliondoka na wivu wa jabali. Huo ni wivu wa aibu, kwa kweli, lakini ndio waliokuwa nao.

Watu walipenda kumuuliza anatafuta nini huko juu. Swali la watu wa chini, hilo. Juu hakuna kitu: kuna pete za chuma, nyasi kavu na kinyesi cha ndege. Alichokipenda kilikuwa njiani. Saluni ni mahali pa kusifiana kutwa nzima, umependeza dada, umependeza na wewe, hata pale ambapo hakuna aliyependeza. Jiwe halimsifu mtu. Ukishika vibaya unaanguka, kamba inakudaka, unarudi ulipoanzia na hakuna anayekusengenya. Na kulikuwa na hofu. Gundi aliipenda hofu yake, ingawa asingelisema hilo mbele ya mama. Ilimwingia tumboni pale miguu ilipoacha ardhi, ikamfanya aisikie kila punje ya mchanga chini ya kidole, na akishuka, chai ilikuwa tamu zaidi na vichekesho vya kaka yake vilichekesha kweli.

Kisha kaka akafa. Watu wote walidhani ni jiwe, na wengine walikuja msibani na "tulisema sisi" yao tayari mdomoni. Ilibidi waimeze. Kaka alikuwa fundi umeme mwenye afya ya punda. Akashikwa na tumbo, akasema ni gesi, akanywa soda. Kilikuwa kidole tumbo. Kilipasuka, na walipomfikisha hospitali sumu ilikwisha enea.

Gundi hakulia. Alipanga viti, alipokea watu, alihakikisha chai haiishi. Alikingoja kilio kama mtu anavyongoja kupiga chafya. Kilikuja karibu, kikapotea. Asubuhi baada ya mazishi mama alifungua mlango wake akamkuta binti yake ubaoni kama kawaida, ndoo kiunoni. Alirudi ndani, akaufunga mlango taratibu.

Tangu hapo kila kitu kilikuwa sawa tu. Chakula sawa tu. Mteja akifurahi, sawa tu. Akigomba, sawa tu. Ni kama ile ganzi ya daktari wa meno, ila dawa ilikuwa imesambaa mwili mzima: mdomo unajua upo, unauona kwenye kioo, lakini ukiung'ata hauumi. Na kibaya zaidi, akaanza kupanda vizuri kuliko alivyowahi kupanda maishani. Mikono ilitulia. Mahali alipozoea kusita akapita kama anapita sokoni. Wapandaji wenzake wakawa wanampigia makofi, wakisema Gundi sasa amekuwa moto, Gundi msimu huu hashikiki. Alifika juu, akaziangalia nyasi kavu, akashuka. Hakuna aliyemuuliza hofu yake imekwenda wapi, na mwenyewe hakuitafuta.

Aliyemshikia kamba sasa alikuwa wifi yake, mjane wa kaka. Huyu alikuwa fundi cherehani, na maisha yake yote alikuwa akiyaita machimbo "huko kwenu kwa nyani." Lakini baada ya msiba alikuja mlangoni na kofia kichwani.

"Jumamosi siwezi kukaa nyumbani, wifi," alisema. "Nitawaua watoto wa jirani kwa kelele zao. Nifundishe kushika hiyo kamba."

"Ni kazi ya kusimama tu na kuangalia juu. Shingo itakuuma."

"Mimi shingo yangu imeinama kwenye cherehani miaka yote. Acha iangalie juu kidogo."

Alijifunza upesi. Aliilisha kamba kwenye kile kifaa cha breki kilichofungwa kiunoni mwake kama anavyolisha kitambaa chini ya sindano, bila kuivuta wala kuiachia ovyo, na hakuwahi kuondoa macho kwa aliye juu. Tatizo lake lilikuwa machozi. Machozi ya wifi hayakuwa na adabu. Yalimtoka akikunja kamba, akimenya ndizi, hata akicheka. Gundi alikuwa akitazama pembeni mpaka yaishe. Siku moja wifi alimuuliza, bila ugomvi, "Hivi wewe humkumbuki?"

"Namkumbuka."

"Mbona..."

"Mbona nini?"

"Basi, wifi. Yaishe."

Sasa, wapandaji wana desturi yao moja ambayo hata wale wavivu wa kupindukia huifuata. Kabla ya mtu kuacha ardhi, yeye na mshika kamba wake husimama uso kwa uso. Mmoja analivuta fundo la mwenzake, mwingine anaikagua breki, na kila mmoja anasema kwa sauti alichokiona. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Ila huwezi kulifanya bila kusogea karibu, na ukiwa karibu hivyo huna budi kuyaona macho ya mwenzako.

Kulikuwa na njia moja ambayo Gundi alikuwa hajaimaliza. Kaka ndiye aliyeitoboa, kwa mashine yake ya kazini, akapachika boliti jabalini kutoka chini hadi juu, kisha akaibatiza Mama Mkwe. "Kwa sababu haikupi pa kushika," alieleza, "na hata ukijitahidi vipi haikubali." Mkewe alimnunia siku kadhaa, maana mama mkwe mwenyewe alikuwa ndiye mama yake mzazi. Gundi alikuwa akifika kwenye tundu moja karibu na kileleni, tundu la kutosha kuingiza ngumi nzima na kupumzika, na baada ya hapo, kila mara, aliteleza. Kutoka tunduni boliti iliyofuata ilikuwa mbali. Kaka hakuweza kuweka nyingine hapo kwa sababu jiwe lilikuwa bovu. Ukiligonga linalia kama debe.

Jumamosi hiyo hewa ilikuwa kavu na jiwe lilikuwa baridi, hali ambayo wapandaji huiombea. Gundi alivaa mkanda wake wa kiunoni na mapajani, akaanza kujifunga kamba. Fundo la kupandia hufungwa kwa hatua mbili. Kwanza unaipinda kamba iwe umbo la nane, mbali kidogo na ncha. Kisha unaipitisha ncha kwenye mkanda wako na kuirudisha, ikiifuata ile nane yote, mpaka nane ziwe mbili zimelala pamoja. Ukiishia katikati, mtu wa mbali atakuona umefungwa, kumbe ncha imepita tu mkandani kama uzi kwenye tundu la sindano.

Gundi alikuwa amefika hapo katikati simu ilipolia. Alikuwa mteja wake, bibi harusi mtarajiwa.

"Dada, nimebadili mawazo. Nataka ndogo ndogo, halafu zilale upande."

"Upande gani?"

"Subiri nimuulize shangazi."

Shangazi alichukua simu. Shangazi alikuwa na maoni kuhusu upande wa kulia, kuhusu upande wa kushoto, na kuhusu wasusi wa siku hizi wanaowavuta watoto wa watu mpaka wanapata kipandauso. Gundi aliibana simu kwa bega, akasikiliza, akasema ndiyo shangazi, sawa shangazi, na mikono yake ikajishughulisha na mfuko wa chaki ya kukausha jasho la vidole, ikajipaka unga, ikasubiri. Simu ilipokatika aliitumbukiza ndani ya kiatu chake cha kutembelea.

Wifi alikuwa anaifuta pua kwa kiwiko. Habari za harusi zilimfikia, na mjane hasikii habari kama hizo akabaki na macho makavu. Macho yalikuwa mekundu, mashavu yamelowa, na alikuwa ananyoosha mkono kuja kulikagua fundo.

Gundi aliyaona yale macho akahisi kuchoka. Si hasira, wala si huruma. Alichoka tu, kama unavyoona vyombo vichafu vimejaa karai na wewe ndio kwanza umetoka kazini. Akageuka, akalishika jiwe.

"Twende," alisema.

"Wifi, hatujakagu..."

"Tayari, wifi. Niko sawa. Nipe kamba."

Wifi alijifuta uso, akaishika kamba vizuri. Aliyesema yuko tayari alikuwa mzoefu, naye alikuwa mwanafunzi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Gundi alipanda vizuri mno. Kidole kilipata ufa, mguu ukapata kibao, mwili ukafuata. Kila alipofika kwenye boliti alitundika pete yenye mlango wa springi, akaipitisha kamba ndani yake, akaendelea. Aliipita sehemu ambayo jabali humwinamia mpandaji, aliruka ile hatua ndefu ambayo ukisharuka huwezi kuirudia kwenda chini, akaingiza ngumi ya kushoto kwenye tundu, akaikaza, akaning'inia kupumzisha mkono wa kulia. Pete ya mwisho ilikuwa chini ya miguu yake. Iliyofuata ilikuwa huko juu, ng'ambo ya pale alipokuwa akiteleza kila mara.

Akaangalia chini kuitafuta chaki, akaliona fundo.

Nane ilikuwa moja. Ilikuwa imesogea mbali naye, inaning'inia kwenye usawa wa goti, na kutoka hapo kamba ilipanda, ikapita mkandani, ikaisha. Mkia uliobaki haukuzidi kiganja. Kila alipopanda, uzito wa kamba ulikuwa unaunyonya kidogo kidogo.

Alilitazama kama anavyotazama msuko wa mteja aliyelala bila kitambaa. Alielewa kila kitu, kwa utulivu kabisa: simu, shangazi, macho ya wifi. Alielewa kwamba akiteleza, hakuna kitakachomdaka, na kwamba chini ni kokoto. Na jambo lililomjia kichwani lilikuwa lile lile la kila siku. Sawa tu, lilisema lile jambo. Halikuwa na haraka. Lilikaa pale kama mgeni aliyezoea nyumba, naye hakuona sababu ya kulifukuza.

Chini, wifi aliona amesimama.

"Umechoka, wifi?" alipaza sauti. Bado sauti ilikuwa na mafua ya kulia. "Pumzika tu. Usiogope, nimekushika!"

Gundi akageuza kichwa, akamwona. Mwanamke mdogo mwenye kofia, shingo imekunjwa nyuma, mikono yote miwili kwenye kamba. Ameikamata kwa moyo wake wote. Ameshika kitu ambacho huku juu hakijafungwa kwa mtu. Na hajui. Atakuwa hajui hadi dakika ya mwisho, na baada ya hapo atakuwa amebaki pale, kamba ingali mkononi, na atapaswa kurudi nyumbani kwa mama akaseme.

Hofu ilimpiga tumboni kama teke. Mguu wa kulia ukaanza kucheza juu ya kijibao chake kama cherehani, na machimbo yote yakawa marefu ghafla.

"Nikaze, wifi?" sauti ilitoka chini. Mshika kamba mwema huuliza hivyo akimwona mwenzake amechoka: aivute kamba, impunguzie uzito. "Ngoja nikukazie kidogo!"

"Usikaze!" Gundi alipiga kelele. "Wifi! Usivute! Usivute hata kidogo!"

"Kuna nini?"

"Legeza. Nipe kamba, nyingi. Halafu usiniongeleshe."

Kisha kamba ililegea. Gundi aliisikia ikilegea, na akajua kwamba huko chini kuna mtu ameelewa kuwa mambo si mambo, na ametii bila kubishana. Alishusha mkono wa kulia polepole, akaikamata nane kwa vidole viwili, akaivuta irudi karibu na mkanda. Mkia ukarefuka. Akauma kamba kwa meno. Ilikuwa na ladha ya vumbi na jasho. Ncha ikaingia tundu la kwanza, ikatoka. Akaiuma tena, akaizungusha. Ikakosea njia, akaitoa, akaanza upya. Mkono wa kushoto ulikuwa unaungua ndani ya tundu, ngozi inabanduka, na safari hii iliuma. Iliuma vizuri kabisa. Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Alipomaliza, nane zilikuwa mbili zimelala pamoja. Alizivuta kwa nguvu. Akazikagua toka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, kama mtoto anayesoma ubaoni.

Juu yake ilikuwa imebaki ile sehemu ya kuteleza, na baada yake kilele. Hakuitazama.

"Sasa kaza," alisema. "Nishushe, wifi. Naomba unishushe."

"Nimekaza."

Ilibidi aachie. Hakuna njia ya kushushwa bila kuachia, na yeye aliyekuwa ameachia maelfu ya mara alishindwa kuutoa mkono tunduni. Aliuhimiza, ukakataa. Mwishowe alifumba macho, akautoa. Akaanguka mpaka chini ya ile pete, kamba ikamdaka, ikamtikisa, ikatulia, na wifi akaanza kumshusha taratibu, kama anavyoshusha nguo mpya kutoka kwenye hanga.

Miguu ilipogusa kokoto haikusimama. Alikaa pale pale. Wifi alimkimbilia, akaona mkono unaotoka damu, akaona meno yanavyogongana.

"Fundo halikuwa limefungwa," Gundi alisema. "Nilipanda hivyo hivyo. Nimelifunga kule juu."

Wifi alimwangalia, akaliangalia jabali, akamwangalia tena. Kisha akampiga kofi begani, kofi la nguvu, na lingine.

"Mimi ningekuwa nimeshika nini?" alisema. "Eh? Ningekuwa nimeshika nini, wifi? Ningemwambia nini mama?"

"Sijui."

"Hujui! Mtu mzima, hujui!"

"Nimeogopa," Gundi alisema. Alilisema polepole, akilisikiliza. "Nimeogopa sana." Mikono ilikuwa imelala mapajani na aliitazama kama ya mtu mwingine, kisha ikawa yake. Akainua uso, safari hii akayatazama yale macho mekundu bila kuyakwepa. "Wifi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari mpya kwa asiyeijua, "kaka amekufa."

Mkono wa wifi uliokuwa umeinuka kumpiga tena ulishuka, ukakaa pale pale begani.

"Lini?" aliuliza.

"Sasa hivi."

"Pole, wifi yangu," alisema wifi, akakaa kwenye kokoto kando yake, akamshika.